Balungi la Mzee Mbise na Swali la Tatu

Siku ya kuniaga mlinipa kitenge na saa ya ukutani. Saa ni zawadi ya ajabu kidogo kwa mtu ambaye hana tena pa kuchelewa, lakini nimeitundika sebuleni kwangu hapa Sombetini, na kila mshale ukifika saa mbili asubuhi miguu inaanza kutafuta viatu. Mkaniomba pia niandike niliyoyaona kazini, ili ninyi mnaoanza msirudie makosa yetu. Nimekubali, ingawa nina hakika mtapata ya kwenu. Habari za vyeo sitaandika, maana nilivyopata ni vichache na hakuna hata kimoja kilichonifundisha kuhesabu vidonge. Nitaandika habari za kaunta ile mnayoiegemea kila siku, za mzee aliyenifundisha kusimama nyuma yake, na za tunda lililokaribia kumuua.

Kaunta yangu ya kwanza haikuwa kaunta, ilikuwa dirisha. Ilikuwa zahanati ya serikali, miaka ile ya uhaba, dawa ya kikohozi tukiichanganya wenyewe kwenye ndoo na mgonjwa akija na chupa yake. Zilikuja chupa za kila ukoo: za soda, za bia, za mafuta ya kupikia, na siku moja mzee mmoja wa Elerai alileta chupa iliyokuwa na mafuta ya taa. Niliisuuza mara nne. Wiki iliyofuata alirudi kunishukuru, akasema kikohozi kimekwisha, na kama inawezekana jirani yake naye apewe ile yenye harufu ya taa, kwa sababu ndiyo yenye nguvu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikizipokea sifa za wagonjwa kwa tahadhari.

Kisha ikaja ruksa. Maduka ya dawa ya watu binafsi yakaanza kufunguliwa mjini, na dawa ambazo tulikuwa tunazijua kwa majina tu zikaanza kuonekana kwa macho. Mzee Mbise, Mmeru wa kule Tengeru, alikuwa ametunza stoo ya dawa ya serikali kwa miaka mingi. Alistaafu Ijumaa, na Jumatatu akawa anapaka chokaa kuta za duka hili hili, kwenye barabara ya kuelekea Kijenge. Alinichukua kwa sababu aliniona dirishani nikisuuza ile chupa. Aliniambia kwamba mtu anayesuuza mara nne ana woga wa kutosha kufanya kazi ya dawa.

Siku ya kwanza alinikabidhi vitu vinne: trei ya kuhesabia vidonge, kijiko bapa cha kuvisogezea, mkasi, na rundo la bahasha ndogo za kaki. Kiti hakikuwepo. Nilitazama nyuma ya kaunta, nikatazama stoo, mwisho nikauliza. Mzee akanijibu kwamba mgonjwa amekuja kwa miguu yake akiwa na homa, kwa hiyo mimi mzima siwezi kumhudumia nikiwa nimekaa. Hakupaza sauti. Hakuwahi kupaza sauti miaka yote, na nadhani ndiyo maana tulimwogopa.

Mkasi ulikuwa na kazi kubwa kuliko mnavyodhani. Watu walinunua dawa kidogo kidogo, vidonge kumi leo na kumi wiki ijayo, kwa hiyo tulikata vipande kutoka kwenye pakiti, boksi na karatasi ya maelezo vikabaki kwetu. Boksi tulilichoma. Karatasi, ile iliyokunjwa mara kumi na sita na kuandikwa kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, Mzee alikataa isitupwe, kwa sababu alilelewa na stoo ya serikali na huko hakuna kinachotupwa. Tulizijaza kwenye droo ya chini kushoto. Hakuna aliyezisoma. Tulizifutia vioo, tuliandikia orodha za mahitaji, na tulifungia vitu vidogo vidogo. Ikumbukeni hiyo droo.

Kitu cha tano hakikuwa cha kushika mkononi. Yalikuwa ni maswali matatu ambayo kila mtu aliyesimama mbele ya kaunta lazima aulizwe kabla hajapewa bahasha yake. La kwanza, nani anameza dawa hii? La pili, anameza nini kingine? La tatu, tangu aanze, mwili unasemaje? Mzee alisema la kwanza na la pili hata kasuku anaweza kuuliza. La tatu ndilo kazi, kwa sababu mtu hasemi mwili wake unasemaje mpaka aone una muda wa kumsikiliza.

Niliona uzito wa swali hilo wiki ya pili, mama yangu mzazi alipokuja na cheti cha dawa ya presha. Sisi ni Warangi wa Kondoa, na kwetu binti hamhoji mama yake habari za mwili wake mbele ya watu, wala faraghani. Nikamwamkia, nikamfungia dawa haraka haraka, nikampa kwa mikono miwili. Alikuwa ameshafika mlangoni Mzee alipomwita arudi. Akaniambia niulize. Nikasema kwa sauti ya chini kwamba huyu ni mama yangu. Mzee akagonga kaunta kwa kidole, taratibu, kama mtu anayebisha hodi, akasema maneno ambayo niliyasikia tena mara mia baada ya hapo.

"Upande ule wa kaunta hakuna mama, Zaituni. Kuna mgonjwa."

Nikauliza. Ikabainika kwamba mama alikuwa anakunywa pia mizizi fulani aliyopewa na jirani, kwamba kizunguzungu kilikuwa kimemwangusha jikoni mara mbili, na kwamba choo kilikuwa kimefunga siku tano. Hayo yote yalisemwa mbele ya foleni ya watu saba. Mama alipona, lakini hakunisemesha mpaka Ijumaa.

Dawa ya kupunguza mafuta kwenye damu ilitufikia mwishoni mwa miaka ya tisini. Kabla ya hapo mafuta yalikuwa neema. Mtu akinenepa tulimpongeza. Ghafla madaktari wa mjini wakaanza kupima damu, na watu wenye vitambi vya heshima wakawa wanaingia dukani na vyeti, nyuso zimewashuka, wakiniuliza kama ni kweli mtu anaweza kufa kwa nyama choma. Wengi walikuwa wafanyabiashara na wastaafu. Muuza nyama mmoja wa hapa Sombetini alilichukulia jambo hilo kama usaliti.

Kidonge chenyewe kilikuwa kidogo, cha kumeza mara moja usiku, na ugumu wake ni kwamba kinamezwa na mtu asiyeumwa popote. Mtu wa malaria anameza na kupata nafuu. Huyu anameza akiwa mzima, kisha anaanza kuumwa. Mmoja alisema tumbo linanguruma kwaya ikiwa kimya. Mwingine choo kilifunga, mwingine usingizi ulikata. Mzee alinifundisha kutowabishia. Nilimwambia mtu kwamba mengi ya hayo hutulia baada ya wiki chache, kwamba tumbo likisumbua ameze baada ya chakula, anywe maji, na asiache dawa kimya kimya bali arudi kwa daktari, maana vidonge viko vya aina nyingi na dozi hupunguzwa. Nayasema hayo mpaka leo na sijapata bora zaidi.

Mzee naye akaenda kupima. Alisema anataka kuwaonyesha wateja kwamba sindano haiumi. Alirudi na karatasi ya majibu ameikunja mara nne kwenye mfuko wa koti, na mchana kutwa hakuionyesha kwa mtu. Jioni nilimwona akikata vidonge kumi kwa mkasi na kujiandikia bahasha yake mwenyewe, jina kamili na dozi, kama sheria ilivyotaka. Maswali matatu hakujiuliza.

Sasa tufike kwenye balungi. Nyuma ya nyumba yake Tengeru kulikuwa na mbalungi mmoja, alioupanda mwenyewe siku mtoto wake wa kwanza alipozaliwa, na nadhani aliupenda kuliko mtoto. Ulizaa kupita kiasi. Matunda yake yalikuwa makubwa, mazito, machungu ya kukunja uso, na kila mtu anajua kwamba kitu kikali kinakata mafuta. Ndimu inakata mafuta kwenye sufuria, mnaona wenyewe. Mzee akafanya hesabu ya kichwani: kidonge kinayeyusha, balungi linasafisha. Mama Anaeli, mkewe, akawa anamkamulia glasi mbili asubuhi na mbili usiku. Alikunywa akiwa amefumba macho.

Angeishia hapo ingekuwa shida ya mtu mmoja. Lakini Mzee Mbise hakuwa mtu wa kujipendelea. Kila Jumatatu alikuja na tenga zima la mabalungi, akaliweka chini ya kaunta, na kila mteja wa kidonge kile akaondoka na matunda matatu ya bure na maelezo ya kukamua. Wateja walifurahi sana. Mjini mtu anapewa bure nini? Wengine wakaomba mbegu wakapande kwao, nami nikawa nakausha mbegu dirishani, nachukua karatasi kwenye droo ya chini kushoto, naizungusha kama ya karanga, naweka mbegu kumi, nampa mtu kwa moyo mweupe. Tulikuwa tunatoa huduma ambayo hakuna duka lingine la dawa Arusha nzima lilikuwa nayo.

Miguu ilianza kuuma mwezi wa sita. Ni mwezi wa baridi, wingu limekaa juu ya Meru toka asubuhi hadi jioni na ukungu unashuka mpaka barabarani, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Muuza nyama alikuja akichechemea, akalaumu viatu vya mitumba. Mama mmoja muuza kanga alishika mapaja, akalaumu ngazi za nyumba ya mwanawe. Mwalimu Massawe, mstaafu wa Kijenge, Mchaga mwenye miwani miwili, mmoja wa mbali na mmoja wa karibu, yeye alisema ni miaka ya kusimama mbele ya ubao inayodai haki yake. Wote nikawauzia dawa ya kuchua. Ilikwisha, tukaagiza nyingine, ikaisha hiyo nayo. Duka lilinuka karafuu na kafuri mpaka mteja wa dawa ya mafua alisema amepona mlangoni. Nilipomwonyesha Mzee jinsi dawa ya kuchua inavyotoka, akasema ni baridi ya mwaka huu, akaagiza katoni mbili.

Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa kuliko wote. Nilimwona. Alikuwa anasogea kwa kushika kabati, na boksi likianguka alilitazama kwa muda kabla ya kuamua kama linastahili kuokotwa. Kusimama alisimama, maana kiti hakikuwepo na aliyekikataza ni yeye. Nilimuuliza kama anajisikia vibaya, akaniuliza kama nimepanga rafu ya vidonda vya tumbo. Nikaenda kuipanga.

Mama Anaeli akaja dukani siku Mzee ameenda benki. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, ambaye kwa kawaida aliniletea ndizi na kunitania kuhusu wachumba. Siku hiyo hakutania. Alisema Mzee hawezi tena kujifunga kamba za viatu, kwamba anaamka usiku anashika ukuta, na akimuuliza anaambiwa ni baridi. Kwa hiyo amemwongezea balungi, glasi imekuwa kubwa. Akanishika mkono akasema mimi ni mtu wa dawa, nimuulize mimi.

Nikamwambia mimi ni mtoto kwake, siwezi.

"Na mimi ni mke wake," akasema, "kwa hiyo hanijibu. Sasa nani atamuuliza?"

Nilimpenda yule mzee, nisiseme uongo. Baba yangu alikufa nikiwa darasa la tatu, na kila nilichokuwa nacho mjini hapa kilitoka kwenye mikono yake. Kumuuliza mtu kama huyo habari za mapaja na za choo ilikuwa ni kama kumvua shati sokoni. Nikajiambia nitamuuliza Alhamisi. Alhamisi ikapita, nikajiambia Jumatatu.

Jumatatu asubuhi, Mzee akiwa stoo, Mwalimu Massawe akaingia. Alitembea kwa mkongojo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaweka juu ya kaunta ule mkunjo wa karatasi wenye mbegu ambao nilimpa wiki iliyopita. Akaufungua taratibu. Mbegu akazisogeza pembeni moja moja kwa ncha ya kalamu, kisha akaikunjua karatasi yote, akaipiga pasi kwa kiganja, akabadilisha miwani. Mtu huyu alifundisha Kiingereza maisha yake yote, na hakuna karatasi yenye maandishi iliyowahi kupita mikononi mwake bila kusomwa, hata ya kufungia vitumbua.

Akaniambia karatasi ile ni ya dawa yetu ya mafuta. Kisha akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Binti yangu, mmenipa mbegu za balungi ndani ya karatasi inayosema nisile balungi."

Nikamwomba arudie. Akarudia, akanitafsiria na mistari iliyofuata, neno kwa neno, kama yuko darasani. Balungi huifanya dawa ile ibaki mwilini kwa wingi kuliko inavyotakiwa, na mtu anakuwa kama amemeza dozi ya watu watatu. Misuli ikiuma au kulegea, mtu amwone daktari. Mkojo ukigeuka rangi, aende hospitali siku hiyo hiyo, maana misuli inavunjika na inakwenda kuziba figo.

Nilifungua droo ya chini kushoto. Karatasi za dawa ile zilikuwa zaidi ya thelathini, na nyingine zilikuwa na maandishi yangu mwenyewe: sabuni, bahasha, dawa ya kuchua katoni mbili. Nikamuuliza Mwalimu maswali yote, na yeye akayajibu kwa sentensi kamili: miguu inauma, mkojo ni wa kawaida, balungi amekula moja kila asubuhi kwa utiifu. Nikamwambia asile tena, na aende kwa daktari wake leo. Akasema ataenda, ila karatasi anabaki nayo kwa sababu hajamaliza upande wa pili.

Mzee akatoka stoo. Nikampa karatasi nyingine ya droo na kumwonyesha mstari. Akavaa miwani, akasoma, akaikunja. Akasema wanaoandika hivyo wanawafikiria watu wanaokunywa lita nzima. Nikasema glasi nne kubwa ni lita na zaidi. Hakuuliza nimejuaje idadi ya glasi. Akageuka kurudi stoo, ameshika kabati, na nikaona mguu wa kulia hauinuki, unaburutwa. Nikajua kwamba akiingia kwenye ule mlango, mazungumzo yamekwisha, na labda na yeye amekwisha.

"Mzee," nikasema, "naomba uzunguke kaunta."

Alielewa mara moja, maana kaunta ilikuwa yake na sheria ilikuwa yake. Nilidhani atanifukuza kazi. Badala yake akaanza kuzunguka, hatua kama nane tu, akishika mbao, kisha ukuta, kisha mbao tena. Akafika upande wa wateja, ambako sikuwahi kumwona akisimama, akaonekana mfupi. Mwalimu Massawe alikuwa bado yuko pale. Alisogea kumpisha, akajifanya anasoma tangazo la dawa ya minyoo. Mimi nilichukua trei ya kuhesabia nikaishika mbele yangu, sijui ya nini.

Nikamuuliza nani anameza dawa hii. Akasema ni yeye. Nikamuuliza anameza nini kingine. Akasema balungi.

"Tangu uanze, mwili unasemaje?"

"Zaituni, wewe ni mtoto kwangu."

"Upande huo hakuna baba, Mzee. Kuna mgonjwa."

Akatazama kaunta. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kila siku, kwamba mapaja yanamuuma kama amelima shamba la watu wawili. Kwamba asubuhi ile ameshindwa kuinuka chooni na Mama Anaeli ndiye aliyemwinua. Mwalimu alizidi kusoma tangazo la minyoo. Nikamuuliza mkojo una rangi gani, na wakati nauliza nilikuwa naitazama trei.

"Kama chai ya rangi," akasema. "Tangu juzi."

Nikaweka trei chini. Nilifunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo halijawahi kutokea hata siku za misiba, nikasimamisha teksi, nikampakia. Mwalimu alitusindikiza na mkongojo wake akimsomea dereva teksi sehemu iliyobaki ya karatasi. Nililia njia nzima na sikujali nani ananiona. Hospitalini daktari alitazama chupa ya mkojo, akamtazama Mzee, akaniambia kwamba tungechelewa siku mbili zaidi figo zingekuwa zimekwisha. Wakamwachisha kidonge palepale na kumwekea dripu moja baada ya nyingine. Alilala siku kumi na moja. Siku ya tatu mkojo ulianza kurudi rangi yake, na Mama Anaeli alinipa habari hiyo mlangoni mwa wodi kwa furaha ya mtu anayetangaza mjukuu.

Siku hizo kumi na moja nilizitumia kuwatafuta wateja wote wa kidonge kile. Muuza nyama nilimkuta buchani kwake akikata mbavu, glasi ya balungi pembeni. Mama wa kanga alikuwa ameshaanza kukamulia mtaa mzima. Hakuna aliyedhurika kama Mzee, kwa sababu hakuna aliyekuwa na mbalungi wake mwenyewe. Mzee alipotoka hospitali alikwenda kwa kila mmoja kuomba radhi kwa mdomo wake, na muuza nyama, kwa kumpa pole, alimfungia kilo mbili za nyama yenye mafuta kote pembeni. Mzee aliipokea, akashukuru, akampa mlinzi wetu.

Aliporudi kazini alikuja na viti viwili. Kimoja alikiweka upande wa wateja, na mnakijua, ndicho kile kilichofungwa waya mguu mmoja. Cha pili alikiweka nyuma ya kaunta na kuniambia nikae. Yeye hakukikalia hata siku moja. Alikiangikia koti. Kisha akafungua droo ya chini kushoto, na kwa miezi kadhaa, kila alasiri wateja wakipungua, mimi nilisoma karatasi moja kwa sauti na yeye alisikiliza akiwa amesimama. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, kwa hiyo maneno magumu tulimpelekea Mwalimu, ambaye alikuja kuwa kama mfanyakazi wetu wa tatu, bila kuombwa. Swali la pili likaongezwa mkia: unameza nini kingine, na unakula nini.

Mbalungi hakuukata. Ndugu walimshauri, akakataa, akasema mti haukumlazimisha mtu. Daktari alimpa kidonge cha aina nyingine, dozi ndogo, akakimeza bila kinyongo mpaka uzeeni. Mabalungi aliendelea kuyaleta, ila sasa hakuna aliyepata moja bila kuhojiwa. Mtu alikuja kununua dawa ya minyoo ya mtoto, akasimamishwa dakika kumi akiulizwa presha, moyo, mafuta, na mama mkwe wake anameza nini. Akishinda mtihani, Mzee aliandika jina lake juu ya ganda kwa kalamu, pamoja na tarehe, ndipo akampa.

Alikufa akiwa mtu mzima sana, kitandani kwake, figo zake zote mbili zikiwa nzima. Duka likaenda kwa binti yake, ambaye ni bosi wenu. Mengine mnayajua, au mtayasikia kwa wengine, na mengi watakuwa wameyatia chumvi.

Nimebakiza jambo moja. Daktari aliniandikia kidonge kile kile cha mafuta miezi miwili iliyopita. Ndiyo, na mimi, kwa maandazi yote yale niliyokula nyuma ya kaunta. Wiki iliyopita nilikuja dukani kuchukua vingine, na binti yule mpya, mwenye miwani, sijashika jina lake vizuri, akasimama kutoka kwenye kiti, akasema shikamoo mama, akanipa bahasha kwa mikono miwili. Akaniuliza habari za kustaafu. Nikamwambia ni nzuri. Akaniuliza kama saa ya ukutani inafanya kazi. Nikamwambia inafanya. Nikabaki nimesimama, nimeshika kaunta, namsubiri. Akatabasamu. Nami nikaaga, nikatembea polepole hadi nyumbani.

Mashavu ya miguu yananiuma tangu Jumapili. Sijamwambia mtu, mimi niliyeandika kurasa zote hizi. Kesho asubuhi nitakuja tena na nitasimama pale pale, upande ule. Shikamoo yako nitaipokea, binti yangu, na nitaiitikia. Kisha uniulize.